Pinki ya Ukutani Haikuja na Instagram: Kina Bibi Waliikoroga Kitambo kwenye Ndoo

Siku hizi ukifungua ukurasa wowote wa mambo ya nyumba, kuna rangi moja inakuandama. Sio ile pinki kali ya pipi. Ni pinki iliyotulia, yenye joto ndani yake, iko katikati ya ua waridi na mtungi wa udongo. Utaikuta sebuleni, utaikuta saluni, utaikuta kwenye vyumba vya wageni kule Zanzibar, na mafundi rangi wa mikoani nao wanaonyeshwa picha kwenye simu: "Fundi, nataka hii hii, usinibadilishie."

Wengi wanaamini rangi hii ni ya juzi. Kuna ukweli kidogo hapo. Kampuni ya Pantone ya Marekani, ambayo kila mwaka hutangaza rangi ya mwaka, kwa mwaka 2016 ilichagua rangi mbili kwa mpigo, na moja ilikuwa pinki laini iliyoitwa Rose Quartz. Baada ya hapo pinki ya taratibu ikatapakaa kila mahali: kwenye simu, kwenye viatu, kwenye makochi, kwenye kuta. Vijana wa mjini wakaipokea kama kitu kipya kutoka ughaibuni.

Kumbe ukuta wa pinki yenye joto una miaka mingi Afrika Mashariki, na haukuanzia kwenye duka la rangi. Ulianzia chini, kwenye shimo la udongo, na walioukoroga hawakuacha majina yao popote. Ili uione hadithi yote vizuri, anzia mbali kidogo na mjini. Anzia Nakapanya.

NCHI YA KOROSHO NA UDONGO MWEKUNDU

Nakapanya iko wilaya ya Tunduru, mkoani Ruvuma, kwenye barabara kuu inayotoka Songea, inapita Tunduru na kuelekea Masasi hadi Mtwara. Ni ukanda wa mikorosho, na wenyeji wengi wa wilaya ni Wayao. Minada ya korosho ikifunguliwa kuanzia Oktoba, pesa inatembea, na sehemu ya pesa hiyo inageuka kuwa mabati, simenti na ndoo za rangi. Ndiyo maana kule msimu wa korosho ni msimu wa mafundi pia.

Katikati ya miaka ya 1990 Tunduru ilipata jina duniani kwa sababu ya vito. Watu walimiminika kutafuta mawe ya rangi mbalimbali, yakiwemo yakuti ya pinki. Walichimba usiku na mchana. Lakini pinki nyingine walikuwa wanaikanyaga tu, haina mnada wala mnunuzi: ule udongo mwekundu unaoganda kwenye viatu na kupanda na vumbi hadi kwenye madirisha.

Wekundu wa udongo unatokana na chuma. Chuma kikikutana na hewa kinapata kutu, na kutu hiyo ikichanganyika na udongo kwa maelfu ya miaka inaupa rangi kuanzia manjano, chungwa, hadi nyekundu ya damu ya mzee. Ni rangi ngumu kufa. Michoro ya miambani ya Kondoa, iliyoingia kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2006, mingi imechorwa kwa wekundu huo huo wa mawe na udongo wenye chuma. Jua limeipiga karne kwa karne na bado inaonekana. Linganisha na kitambaa chekundu ulichoanika nje kiangazi kimoja.

Chukua wekundu huo, uuchanganye na kitu cheupe. Unapata nini? Pinki. Pinki yenye joto, kwa sababu mama yake ni udongo.

LUGHA YENYEWE INATOA USHAHIDI

Kiswahili kina majina ya rangi matatu tu ambayo ni vivumishi halisi vinavyobeba viambishi: -eupe, -eusi na -ekundu. Nyumba nyeupe, mtungi mweusi, udongo mwekundu. Nyingine zote zinaazima jina kutoka kwenye kitu. Kahawia ni kahawa. Zambarau ni tunda. Manjano ni kile kiungo cha pilau. Chungwa ni chungwa. Na pinki, kabla mtaa haujaanza kusema "pinki", ni rangi ya waridi.

Sasa angalia hizo tatu za mwanzo. Nyeupe ni udongo mweupe, unga, chokaa. Nyeusi ni masizi na mkaa. Nyekundu ni udongo wenye chuma. Yaani rangi ambazo lugha inazitamka bila kuazima ndizo zile ambazo mtu wa kijijini alizipata bila kununua. Na ndizo zilizotumika kwenye mambo mazito. Wayao kwenye jando na unyago walikuwa wanachora maumbo ardhini na kuyanyunyizia unga mweupe, majivu meusi na udongo mwekundu, ili yawe darasa la wali. Rangi haikuwa urembo peke yake, ilikuwa inafundisha.

Pinki ni mtoto wa mbili kati ya hizo tatu. Haikuhitaji meli wala dola.

UKUTA BAPA, MTINDO WA 1866

Ili upake ukuta, kwanza uwe nao. Zamani nyumba nyingi za bara kusini zilikuwa za msonge, duara, na paa limeshuka karibu linagusa chini. Ukuta haukuwa na sehemu kubwa ya kujionyesha.

Mabadiliko yalikuja na biashara. Katika karne ya 18 na 19 Wayao walikuwa mabingwa wa misafara kati ya ukanda wa Ruvuma na Ziwa Nyasa na bandari za pwani, hasa Kilwa. Walipeleka pembe za ndovu na tumbaku, na lazima isemwe wazi, walipeleka watu pia, waliouzwa utumwani. Walirudi na nguo, shanga, bunduki, dini ya Uislamu, na kitu kingine ambacho watu hawakitaji sana: mtindo wa nyumba.

Mwaka 1866 David Livingstone alipanda kufuata mto Ruvuma na mwezi Julai akafika Mwembe, mji wa chifu wa Wayao Mataka, ambao leo uko upande wa Msumbiji. Alikuta mji mkubwa, nyumba zisizopungua elfu moja kwa hesabu yake, na akaandika kwamba nyingi zilikuwa za pembe nne, kwa kuwaiga watu wa pwani. Yohanna Abdallah, padri Myao aliyeandika historia ya watu wake iliyochapishwa mwaka 1919, naye anasimulia jinsi Mataka alivyofurahi kuona nchi yake imeanza kufanana na pwani, maembe na kila kitu.

Kwa hiyo anayedhani kuiga mtindo wa nyumba wa mbali kumeanza na simu, amechelewa kama miaka 160. Mataka alikuwa na picha yake kichwani, akaihamishia bara.

Nyumba ya pembe nne inaleta kuta bapa, na ukuta bapa unaita mkono. Mwaka 1906 Karl Weule, mtafiti Mjerumani, alipita maeneo ya Masasi na nyanda za Makonde, jirani kabisa na Tunduru, akakuta michoro kwenye kuta za nyumba na akakusanya michoro mingine ya wenyeji. Ilikuwa wakati mbaya: vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907 vilikuwa vinaendelea kuimalizia kusini, vijiji vimechomwa na njaa imeingia. Bado watu walipojenga upya, walipamba.

MIKONO ISIYO NA MAJINA

Nyumba ya udongo ina hatua zake. Wanaume kwa kawaida wanasimamisha miti na kufunga fito. Kisha udongo unakanyagwa na maji mpaka unakuwa laini, nyumba inakandikwa. Ukuta ukikauka unapasuka, hivyo unarudiwa kwa udongo mwembamba zaidi, unasiribwa mpaka unanyooka. Mwisho kabisa ndipo inakuja rangi: udongo uliochaguliwa, ukapondwa, ukachekechwa, ukakorogwa na maji kama uji, ukapakwa kwa kitambaa au kwa kiganja.

Hatua hizo za mwisho, katika vijiji vingi vya Tanzania, zilikuwa mikononi mwa wanawake. Wao ndio walijua shimo gani linatoa udongo unaonata na lipi linatoa udongo unaopukutika. Sehemu za wafugaji walichanganya samadi ya ng'ombe. Kusini, ambako mbung'o waliwafanya ng'ombe kuwa wachache, ilibidi udongo wenyewe uwe mzuri, kwa hiyo kuujua udongo kulikuwa ujuzi kamili.

Kazi ilifanywa kiangazi baada ya mavuno. Udongo unakauka vizuri, mvua haiji kuharibu, na ndio majira ya jando, unyago na harusi. Wageni wanakuja, nyumba haiwezi kuwapokea ikiwa na uso wa mwaka jana. Chini ya ukuta ulipita mkanda wa rangi iliyokolea, nyekundu au nyeusi, na juu yake rangi nyepesi. Mkanda ule haukuwa mapozi. Mvua ikipiga chini inarusha tope jekundu ukutani, na mkanda mwekundu unalificha. Mbunifu wa leo angeutoza pesa ushauri huo.

Na pale juu, udongo mweupe ukikutana na mwekundu kidogo kwenye chombo kimoja, unapata rangi ileile ambayo leo inauzwa kwa majina ya kizungu kwenye kitabu cha sampuli. Aliyeikoroga hakuiita kitu. Alisema tu "ongeza kidogo", na binti yake akaongeza.

PWANI: PINKI ILIYOFICHWA NDANI YA UKUTA

Kule Kilwa, ambako misafara ilikuwa inaishia, weupe ulitoka baharini. Matumbawe yalipangwa juu ya rundo la magogo, yakachomwa kwa moto mkali, kisha yakamwagiwa maji na kuachwa yalainike. Hiyo ndiyo chokaa. Ikipakwa ukutani inavuta hewa ya kaboni dayoksaidi na kurudi kuwa jiwe tena, polepole. Majengo ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara, yaliyoingia Urithi wa Dunia mwaka 1981, yalishikiliwa na chokaa ya namna hiyo. Msikiti Mkuu wa Kilwa ulianza kujengwa karne ya 11 na ukapanuliwa sana karne ya 14. Umri huo si mchezo.

Zanzibar nako waliongeza kitu. Kuta nene za Mji Mkongwe zimejengwa kwa mawe ya matumbawe yaliyoshikwa na mchanganyiko wa chokaa na udongo mwekundu. Nje zikapigwa plasta ya chokaa na kupakwa nyeupe. Ina maana kwamba nyumba nyingi za matajiri wa Unguja, zile zinazopigwa picha kwa weupe wake, ndani ya mwili wake zina mchanganyiko uleule wa bibi wa Ruvuma: nyeupe na nyekundu. Plasta ikianguka, siri inatoka nje.

Vuka mto Ruvuma uende kusini zaidi, utakuta Kisiwa cha Msumbiji, kilichokuwa makao makuu ya Wareno kwenye pwani hiyo hadi mwaka 1898. Wareno ni watu wa kuta za rangi. Hata ikulu ya rais wao kule Lisbon, Belém, ni ya pinki. Na upande wa pili wa Bahari ya Hindi, mji wa Jaipur, India, unaitwa Mji wa Pinki. Inasimuliwa kwamba ulipakwa mwaka 1876 kumpokea mwana wa mfalme wa Uingereza, na pinki yake ukiitazama vizuri ni ya udongo wa tofali, sio ya ua. Mwaka 2019 nao UNESCO wakauweka kwenye orodha.

Tofauti ni moja tu. Jaipur ilipakwa kwa amri ya mtawala, ikaandikwa. Nyumba ya udongo ya Tunduru ilipakwa na mama wa nyumba, mvua ikaja, ikafutika, akapaka tena.

JINSI UKUTA ULIVYOGEUKA AIBU

Hapa ndipo hadithi inapouma.

Baada ya uhuru nchi ilitaka watu waishi vizuri zaidi, na haikuwa nia mbaya. Shirika la Nyumba la Taifa lilianzishwa mwaka 1962. Kiwanda cha simenti cha Wazo Hill, Dar es Salaam, kikaanza uzalishaji mwaka 1966. Mwaka 1971 serikali ikaanzisha kitengo cha utafiti wa majengo. Halafu ikaja Operesheni Vijiji, kati ya 1973 na 1976, mamilioni ya watu wakahamishiwa vijiji vipya, nyumba zikipangwa kwa mistari. Neno likawa "nyumba bora": tofali la kuchoma au la simenti, bati, sakafu ngumu.

Faida zake zinajulikana. Bati halivuji kama nyasi zilizochoka, sakafu ngumu inafagilika, mchwa wanapata kazi. Hakuna anayetaka kumrudisha bibi kwenye paa linalovuja kwa sababu ya picha nzuri.

Ila neno "bora" lina pacha wake. Kama ile ni bora, hii nyingine ni nini? Polepole nyumba ya udongo ikawa kipimo cha umaskini. Mtoto akienda shule ya bweni hasemi kwao ni nyumba ya kukandika. Kijana akipata pesa ya kwanza, kitu cha kwanza ni kuufunika ukuta wa mama yake kwa simenti. Kwa upendo kabisa.

Na mara nyingi ukuta unamjibu vibaya. Udongo unapumua: unavuta unyevu, unavimba kidogo, unaachia, unasinyaa. Simenti haichezi. Ukiibandika juu ya udongo, unyevu unakwama nyuma yake, nyufa zinatokea, na baada ya misimu kadhaa ya mvua plasta inaanguka mabonge mabonge, imebeba na udongo wa ndani. Jambo hilohilo limeonekana Mji Mkongwe, ambako kuta za zamani za chokaa zilizopigwa simenti zimeharibika kwa unyevu uliofungiwa, na wataalamu wa uhifadhi wanasisitiza zirudishiwe chokaa. Jumba la mfanyabiashara wa karafuu na nyumba ya mkulima wa korosho zinaugua ugonjwa mmoja.

Kuna hasara nyingine ambayo haina nyufa za kuonekana. Ukuta wa udongo ulikuwa mali ya mikono ya mama. Ukuta wa simenti una fundi, fundi analipwa, na kwenye nyumba nyingi anayelipa ndiye anayechagua rangi. Ndani ya kizazi kimoja au viwili, mtu aliyekuwa anaamua uso wa nyumba akawa mtu wa kuomba. Na binti, ambaye angefundishwa kuchekecha udongo na kusema "ongeza kidogo", hakufundishwa, kwa sababu hakuna mama anayemrithisha mwanae aibu.

"JAMAA WATANICHEKA KIJIWENI"

Ndiyo maana ugomvi wa pinki kwenye nyumba mpya sio ugomvi mdogo. Chukua mfano wa wanandoa wowote vijana pale Nakapanya. Korosho zimelipa, vyumba viwili na sebule vimepauliwa, plasta imekauka. Mke anataka pinki yenye joto sebuleni. Mume anataka krimu, kwa sababu pinki ni ya watoto wa kike, na jamaa watamcheka kijiweni.

Mume huyo arudi kidogo kwenye historia. Mwaka 1918 jarida moja la wafanyabiashara wa nguo za watoto kule Marekani liliwashauri wateja wake kwamba pinki ni ya wavulana, kwa kuwa ni rangi yenye nguvu, na bluu ni ya wasichana kwa upole wake. Baadaye upepo ukageuka. Mwaka 1953 Mamie Eisenhower, mke wa rais wa Marekani, alivaa gauni la pinki kwenye sherehe za kuapishwa kwa mumewe, na muongo ule mabafu na majiko ya Wamarekani yakajaa pinki kama rangi ya mama wa nyumbani. Matangazo yakafanya yaliyobaki. Kwa hiyo hiyo sheria anayoitetea kijiweni sio ya babu yake wala ya dini yake. Ni ya wauza nguo wa Marekani, na haina hata miaka mia.

Babu yake, kwa upande mwingine, inawezekana kabisa alilala kwenye chumba cha rangi hiyohiyo, akaamka, akaenda shamba, na hakuna aliyemcheka.

UKITAKA KUIPAKA LEO

Kwanza chagua upande. Kuna pinki ya baridi, ina bluu au zambarau ndani yake, na kuna pinki ya joto, ina manjano na kahawia. Njia rahisi ya kuitambua: weka sampuli juu ya karatasi nyeupe kabisa. Ikionekana inaelekea kwenye lipstiki, ni ya baridi. Ikionekana inaelekea kwenye chungu, ndiyo yenyewe.

Usichague kwenye simu. Paka kipande cha kama mita moja kwa mita moja ukutani, ukiangalie asubuhi, saa saba mchana, na usiku taa ikiwa imewashwa. Taa nyeupe kali inaifanya pinki ya udongo ionekane kijivu na mgonjwa. Taa ya njano inaiamsha.

Plasta mpya ya simenti iache kama wiki nne kabla ya rangi. Haraka hapo ndiyo inaleta mabaka.

Kama ukuta wako, au wa bibi, ni wa udongo, achana na simenti. Ziba nyufa kwa udongo, kisha pita na chokaa. Chokaa iloweshwe, ichujwe, iwe kama maziwa mazito. Udongo mwekundu uloweshwe peke yake na uchekechwe mpaka usiwe na chembe, halafu uongezwe kidogo kidogo, usizidi sehemu moja kwa kumi ya chokaa. Lowesha ukuta kwanza, paka nyembamba, rudia mara tatu au nne. Usishtuke ikionekana imekolea: ikikauka inapauka sana, ndipo pinki inapotokea. Vaa glovu na linda macho, chokaa inaunguza.

Nje, usisahau mkanda wa chini. Rangi ya tofali, urefu wa goti hadi kiuno. Vumbi na tope la Ruvuma halijabadilika tangu enzi za Mataka.

Ndani, pinki hii inapenda vitu ambavyo vipo tayari: mbao ya mninga, mkeka wa ukindu, kitenge chenye bluu iliyokolea, chungu cheusi kwenye kona. Makochi ya kijivu yaliyo kwenye picha za mtandaoni sio lazima.

SHIMO BADO LIPO

Wanaojua kuchagua udongo wa kupaka wanazidi kupungua, na hawakuandika kitabu. Katika familia nyingi za kusini bado kuna bibi mmoja aliyewahi kuifanya kazi hiyo kila kiangazi, na ambaye wajukuu zake wanadhani hana la kusema kuhusu mapambo ya nyumba kwa sababu hana simu ya kugusa.

Mjukuu akimpelekea ile picha ya sebule ya ughaibuni na kumuuliza, "Bibi, rangi hii mlikuwa mnaipata wapi?", bibi hatahitaji kitabu cha sampuli. Atanyoosha mkono kuelekea bondeni.